Mpenzi, Wewe ni AA au AS?

Mpenzi msomaji, mwezi ujao hutanikuta kwenye ukurasa huu. Nakwenda likizo ya uzazi. Meza namwachia msaidizi wangu, ambaye kati yangu na wewe anaandika vizuri kuliko mimi, tatizo lake hapendi kufuta. Lakini kabla sijafunga droo nina deni. Miaka yote hii nimekaa hapa nakushauri kuhusu mume mwenye laini tatu, mawifi wenye midomo na kamati za harusi zisizo na huruma, kumbe jambo zito kuliko yote katika ndoa yangu mwenyewe nimelikalia kimya. Leo nalisema.

Kilichonisukuma ni kicheni pati moja niliyohudhuria hivi karibuni. Ukumbi umependeza, sare zinawaka, somo yuko mbele anamfunda bibi harusi: jiko, chumba, mama mkwe, pesa. Mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono, akauliza, "Na kupima mmepima?" Bibi harusi akajibu kwa kujiamini kabisa, "Tumepima mama, wote tuko salama. Tena hata magrupu yetu yanaendana, mimi O, mwenzangu B." Vigelegele! Mimi nikabaki na kijiko cha pilau hewani.

Maana sisi tukisema "nimepima" tunamaanisha virusi vya UKIMWI, basi. Na ni jambo jema, tumefundishwa tukafundishika, siku hizi makanisa mengi yanakuuliza cheti kabla hata hujauliza tarehe. Ila lile la magrupu ni mkanganyiko wa kila siku. Grupu la damu, yaani A, B, AB au O, litakusaidia siku ukihitaji kuongezewa damu. Halisemi lolote kuhusu selimundu, au sikoseli kama tunavyoiita mtaani. Unaweza kuwa O, mwenzako naye O, mkazaa mtoto mwenye selimundu. Herufi zinazohusika na ugonjwa huo ni nyingine: AA, AS na SS. Kama umefika umri wa kuchumbia au kuchumbiwa na hujui zako, basi leo naongea na wewe.

Nina mdogo wangu wa kiume, nimempita miaka saba. Yeye ni SS. Alipokuwa na miezi minane vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba kama maandazi, ukimgusa tu analia. Bibi akasema kijicho. Jirani akasema mkono wa mtu. Hospitali walipokuja kusema jina la ugonjwa, tulikuwa tumeshamaliza miezi mingi kwa waganga. Utoto wangu umejaa korido: mama kwenye benchi la mbao, kanga begani, mimi na sare ya shule na chupa ya chai, mdogo wangu amejikunja kama kamba, macho ya njano. Usiku wa manane wajomba wanapigiwa simu waje kuchangia damu. Asubuhi mimi naenda shule kufanya mtihani wa hesabu.

Nikueleze kwa kifupi kinachotokea, kwa sababu nimegundua hata sisi wenye digrii zetu tunaimba tu jina la ugonjwa. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna himoglobini, ndiyo inayobeba oksijeni. Maelekezo ya kuitengeneza yako kwenye jeni, na kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba, moja ya mama. Kwenye nakala ya selimundu kuna kosa la herufi moja. Moja tu! Mimi mhariri najua herufi moja inaweza kugeuza "baba" akawa "bata" na gazeti likaenda mtaani hivyohivyo. Hapa kosa hilo linafanya himoglobini zishikamane pale oksijeni inapopungua, na chembe ambayo kawaida ni mviringo laini inapinda kama mundu, inakuwa ngumu, inakwama kwenye mishipa midogo. Panapoziba ndipo panapouma: mgongo, kifua, miguu, wakati mwingine kichwani, na hapo ndipo mtoto anapopata kiharusi. Chembe ya kawaida huishi siku kama 120. Ya mundu huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo maana damu haikai na macho yanageuka njano.

Sasa chukua sarafu mbili za shilingi mia. Upande mmoja Mwalimu, upande wa pili swala. Tuseme Mwalimu ni A, swala ni S. Mtu wa AS ni sarafu ya kawaida, ana pande zote mbili. Ni mzima, anafanya kazi, anacheza mpira, hana dalili yoyote, na ndiyo sababu hajijui. Kila mimba ikitungwa, baba anarusha sarafu yake, mama anarusha yake. Mwalimu na Mwalimu, mtoto AA. Mwalimu na swala, AS kama wazazi wake. Swala na swala, SS. Hiyo swala na swala ina nafasi moja kati ya nne. Na mtu wa AA je? Huyo sarafu yake ina Mwalimu pande zote, hata akioana na AS hawatapata SS.

Kitu kimoja nakuomba ukishike. Sarafu hazina kumbukumbu. Nimemsikia mtu mwenye shahada ya uzamili anasema, "Wa kwanza keshaupata, kwa hiyo watatu wanaofuata wako salama." Hapana jamani! Kila mimba inarushwa upya. Kuna familia za AS wawili zenye watoto watano na hakuna hata mmoja wa SS, na kuna zenye wawili na wote ni SS.

Sarafu hizi ndizo zilizoivunja nyumba yetu, kwa sababu hakuna aliyezijua. Upande wa baba waliamua mapema kuwa damu mbaya imetoka kwa mama. Baba akaondoka mwaka 2001, akaoa mwingine, akapata watoto watatu wazima kama chuma. "Mmeona?" shangazi zangu wakasema. Mama alinyamaza. Mimi nilikuja kuielewa hesabu nikiwa chuo kikuu, nikisomea mawasiliano, tena si darasani, ni kwenye kijitabu nilichookota kliniki nilipompeleka mdogo wangu. SS inataka swala wawili. Mmoja alitoka kwa baba, kama mwingine alivyotoka kwa mama. Wale watatu wa nyumba ya pili ni wazima kwa sababu mama yao inaelekea ni AA. Nilisoma mistari ile mara tatu, nikatoka nje nikampigia mama simu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa mwanangu. Umekula?" Ndivyo alivyo.

Na kwa nini swala wapo wengi hivi kwetu? Siyo laana. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya utafiti wake wa Afrika Mashariki: watu wenye nakala moja ya S walikuwa wengi Pwani na kuzunguka Ziwa Victoria, wachache nyanda za juu zenye baridi. Ramani ile ilifanana na ramani ya malaria. Mtoto wa AS ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Kwa maelfu ya miaka AS waliishi wakazaa, wengine wakazikwa wadogo. Kwa hiyo swala niliyenaye ni wa babu aliyenusurika. Ubaya ni kwamba SS hapati zawadi hiyo, kwake malaria ni hatari zaidi. Leo inakadiriwa kuwa katika kila Watanzania 100, kati ya 13 na 20 ni AS, na watoto zaidi ya 10,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka. Hesabu tu watu wa ofisini kwako.

Sasa mimi. Mdogo wa mtu akiwa SS na wewe mzima, nafasi yako ya kuwa AS ni mbili kati ya tatu. Nilijua hilo tangu chuo. Na bado nilichumbiana miaka miwili bila kupima, na bila kumwambia mwenzangu mdogo wangu anaumwa nini hasa. Nilisema "ana matatizo ya damu", nikabadilisha mada. Niliogopa kukimbiwa, basi. Kila mara nilijipa sababu: tusubiri barua ya posa, tusubiri mahari, tusubiri ukumbi upatikane. Wiki saba kabla ya sendofu, mwaka 2019, ndipo nilipomwambia. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Miaka miwili?"

Tukaenda kupima maabara moja ya mtaani. Wakatufanyia kile kipimo cha haraka cha siklingi. Dada wa mapokezi akachukua karatasi, akasoma kwa sauti mbele ya foleni nzima: "Nyie wote wawili mna sikoseli." Mwenzangu, mwanaume wa kilo tisini anayecheza mpira kila Jumapili asubuhi, akatafuta kiti akakaa. Foleni inatuangalia kwa huruma. Kumbe kipimo kile kinasema tu kwamba S ipo. Hakikuambii kama ni AS au SS. Ukienda kupima omba kile kinachotenganisha aina za himoglobini, majibu yake yanakuja na herufi kamili. Tulirudia hospitali kubwa, na herufi zikaja. Yeye AS. Mimi AS.

Mnasihi aliyetupokea alikuwa mama mpole mwenye miwani. Alituchorea visanduku vinne, akatueleza yote, kisha akakaa kimya. Mimi nikamuuliza, "Kwa hiyo tuoane au tusioane?" Akasema, "Hilo siwezi kuwajibia." Nilikasirika kweli. Nimelipa hela, nataka jibu! Leo naelewa kuwa yule mama alikuwa mtu pekee katika wiki zile saba ambaye hakutaka kunisukuma popote.

Maana wengine wote walisukuma. Mwenzangu alisema Mungu yupo, twende. Nikamjibu vibaya, nikamwambia Mungu alikuwepo pia kwenye lile benchi la mbao, njoo uniambie wewe umelala pale siku ngapi. Rafiki yangu wa karibu alisema niachane naye, wanaume wa AA wamejaa mjini. Na michango ilikuwa imeshaingia, kadi zimeshasambaa, MC ameshalipwa nusu.

Halafu shangazi yake akanusa. Siku ya kikao cha kamati akauliza mbele ya watu, "Nasikia kuna tatizo la damu. Liko upande gani?" Mwenzangu akasimama. "Liko kwangu mimi mwanenu, shangazi, na liko kwake. Sawasawa." Kimya. Nilimpenda kwa jibu lile, kwa sababu baba yangu hakuwahi kulisema. Na nilimkasirikia kwa jibu hilohilo, kwa sababu majibu yangu yalikuwa yamefika kwenye meza ya kamati, katikati ya bajeti ya maua na vinywaji, bila mimi kuulizwa. Tuligombana kwenye gari mpaka mafuta ya wasiwasi yakawaka taa. Yeye anasema alikuwa ananitetea. Mimi nasema nitetee, lakini niulize. Mpaka leo hatujakubaliana, na nadhani wote tuko sahihi.

Hili la nani anastahili kujua si dogo, msomaji. Damu yako inasema habari za mama yako, kaka yako, watoto wako. Mdogo wangu, ambaye sasa ni mhasibu, kazini kwake hakuna anayejua. Akiumwa anasema mgongo. Aliona jinsi bosi wake wa kwanza alivyoanza kumpunguzia majukumu baada ya kuambiwa. Na kuna jingine ambalo watu wanalisema kwa kunong'ona: mtoto akatoka SS, baba akapima akakuta AA. Kabla hujabeba mabegi ya mtu ukayatupa nje, rudieni kipimo mahali pa kuaminika, mkae na mtaalamu, maana makosa ya maabara yapo na kuna aina nyingine za jeni zinazochanganya majibu. Ila ndiyo, wakati mwingine kipimo cha selimundu kinafungua mlango ambao hakuna aliyeomba ufunguliwe. Mwambieni mtaalamu mapema mnachotaka kujua na msichotaka.

Kuna wanaosema serikali ilazimishe kila wachumba wapime. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 haidai kipimo hicho. Nami kwa hasira zangu za 2019 ningesaini ombi hilo mara mbili. Nilipotulia nikasoma. Saiprasi walikuwa na shida ya thalasemia, ndugu wa selimundu. Tangu 1983 kanisa lao likataka cheti cha kipimo kabla ya ndoa, halikuzuia mtu kuoa, na watoto wanaozaliwa na ugonjwa ule wakapungua hadi karibu na sifuri. Saudia ililazimisha kipimo mwaka 2004, uamuzi ikawaachia wachumba, na mwanzoni wengi walioambiwa hawaendani waliendelea na harusi zao. Siwashangai. Majibu yakija ukumbi umeshalipiwa, nani atasikiliza visanduku vinne?

Lakini angalia Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuwapima watu weusi kwa lazima, mengine kabla ya kupewa leseni ya ndoa. Watu wa AS, wazima kabisa, wakaitwa wagonjwa. Wengine wakanyimwa kazi, wengine wakatozwa bima zaidi. Chuo cha Jeshi la Anga kiliwafungia mlango hadi 1981. Yote kwa sababu ya kupima kwanza na kuelimisha baadaye. Nikikumbuka yule dada wa mapokezi na foleni yake, naona hata sisi hatuko mbali. Ninachowaonea wivu ni Wanaijeria. Kule vijana wanaulizana AA au AS mapema kabisa, kama sisi tunavyoulizana kabila, kabla moyo haujazama.

Narudi kwenye wiki zangu saba. Tuliandika njia zetu kwenye karatasi. Kuachana. Kuoana bila kuzaa, au kuasili mtoto. Kupandikiza mimba kwa kuchagua kiinitete kisicho SS: ipo nje ya nchi, ni mamilioni ya shilingi kabla hujahesabu tiketi, na huna uhakika kwamba mimba itashika. Kupima mtoto akiwa tumboni: nako kwetu si huduma ya kawaida, na hata ukipata jibu, sheria yetu inaruhusu kutoa mimba pale tu maisha ya mama yanapokuwa hatarini. Mimi kwa upande wangu nilijua nisingeweza. Siku hiyo nilimwelewa mtu anayeweza, ingawa zamani nilikuwa mwepesi sana wa kumhukumu. Njia ya mwisho ilikuwa kuoana, kuzaa, na kujiandaa.

Nikaenda kwa mdogo wangu. Alikuwa chuo, anakaa chumba cha kupanga na wenzake wawili. Nikamweleza yote, na visanduku nikamchorea, kana kwamba yeye ndiye hajui. Akanitazama.

"Kwa hiyo mnajadiliana kama mtu kama mimi azaliwe au asizaliwe."

Msomaji, sikuwa na jibu. Miaka yote nilijiona ndiye niliyeteseka naye, na sikuwahi kufikiri maneno yetu yanasikikaje upande wake. Nilianza kulia, akaniambia niache, wenzake wanakuja.

"Dada, maisha yangu nayapenda. Maumivu siyapendi. Hayo ni mambo mawili, msiyachanganye," akasema. "Mkiamua kuachana sitanuna, ni haki yenu, hata mimi nikioa nitamtafuta wa AA. Mkiamua kuzaa, zaeni mkijua. Mama hakujua. Nilivimba vidole mkanipeleka kwa mganga. Hicho tu ndicho kinachoniuma."

Tulioana. Harusi ilisogezwa miezi mitatu mbele, shangazi alikuja na alicheza kuliko wote. Sikuambii kwamba tulifanya sahihi. Nina wasomaji wawili walioniandikia kuwa waliachana kwa sababu hiihii, mmoja alinipelekea picha ya mtoto wake na mume mwingine, mwingine bado analia. Nawaheshimu wote wawili. Ningekuwa na nafasi ya kurudia kitu kimoja, ningepima mwezi wa kwanza wa uchumba, siyo wiki saba kabla ya sendofu. Hapo mwenzangu angechagua akiwa na miguu yote miwili chini, si akiwa ameshabebwa na kamati.

Kulikuwa na simu moja zaidi ya kupiga. Wale watatu wa nyumba ya pili ya baba. Kama baba ana swala, kila mmoja wao ana nusu ya nafasi ya kuwa naye, na mdogo wangu wa kike wa nyumba ile alikuwa ndio kwanza amevishwa pete. Hatukuwa na mazoea. Nilimpigia. Akaniambia, "Dada, mbona unataka kuniharibia?" akakata. Nilikaa na simu mkononi nikijiuliza kama ilikuwa haki yangu. Habari ni ya kwake, lakini mwenye kuijua nilikuwa mimi, na ningenyamaza angekuja kuniuliza siku moja kwenye korido. Miezi minne baadaye akatuma sms yenye herufi mbili tu: AA. Hakuongeza neno. Siku hizi tunasalimiana sikukuu.

Binti yetu alizaliwa 2021. Tulimpima akiwa mchanga, kwa tone la damu la kisigino, kwa sababu mtoto wa SS akijulikana mapema anaanzishiwa penisilini kabla ya vijidudu kumfikia, anapata chanjo zake zote na kinga ya malaria, na mama anajua homa yake si ya kusubiri asubuhi. Dawa ya haidroksiyurea nayo imebadilisha maisha ya wengi, mdogo wangu akiwemo, siku za kulazwa zimepungua mno. Programu ya selimundu ya Muhimbili, aliyoianzisha Profesa Julie Makani na wenzake mwaka 2004, ndiyo iliyowafundisha wengi wetu hayo. Tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, mchango ukitoka kwa ndugu anayeendana. Na Desemba mwaka huohuo Marekani iliidhinisha tiba ya kuhariri jeni za mgonjwa mwenyewe, kwa bei ya dola milioni 2.2. Mdogo wangu aliposoma bei alicheka mpaka akakohoa.

Mtoto hakuwa SS. Kilichobaki, kama ni AA au AS, nimekifunga kwenye bahasha, iko kabatini pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Mume wangu anasema ni ushamba, sisi wazazi si tumeshasoma? Nasema tulisoma kwa sababu ilibidi, lakini habari ni ya kwake. Atapewa akiwa mkubwa wa kuelewa, kabla hajaleta kijana nyumbani. Shangazi ameshauliza mara tatu.

Na sasa sarafu zimerushwa tena. Sijui zilivyoanguka, nitajua baada ya kujifungua. Kuna usiku nalala vizuri na kuna usiku nahesabu visanduku kwenye dari. Wiki iliyopita mdogo wangu alikuja na zawadi ya mtoto. Nilitegemea nguo, au yale mablanketi ya dubu. Akatoa kipimajoto, kile cha dijitali, na betri za akiba. Ameandika kwa kalamu ya wino juu ya boksi: "Ikipita 38 usimsikilize mtu, beba mtoto nenda." Nikamwambia bado hatujui kama atakihitaji. Akasema kila mtoto anahitaji kipimajoto, dada, acha maneno mengi, chai iko wapi?

Begi la hospitali limeshafungwa. Kipimajoto nimekiweka mfuko wa pembeni.